Majanga mengi, vinavyokatika vichache: kujiandaa na maafa kwa anaeanza, kwetu visiwani

Ukitafuta kwenye simu mambo ya kujiandaa na maafa unaletewa video za watu wa Marekani, jamaa yuko msituni na kisu chake, kachimba handaki nyuma ya nyumba kalijaza makopo ya chakula cha miaka. Mtu wa Jang'ombe, Unguja, au wa Mkoani, Pemba, akiangalia anasema haya hayanihusu, anafunga simu, na habari ya kujiandaa inaishia hapo hapo. Ndo nikaona niandike hii, mana jambo lenyewe linatuhusu sana, tena sisi kuliko wengi, ila kwa sura nyengine kabisa. Sisi watu wa kisiwa. Mchele umekuja kwa meli, petroli imekuja kwa meli, umeme unapita kwenye waya uliolazwa chini ya bahari, dawa zinavushwa, na mgonjwa akizidiwa anavushwa na yeye. Kwa hiyo suali la kwanza la mtu anaeanza sio litakuja janga gani. Suali ni nini kitakatika.

Wengi wanakwama kwa sababu wanaanza kwa kuhesabu majanga, mafuriko, moto, kipindupindu, meli, kimbunga, wakifika katikati wameshachoka na wanasema tuachie Mungu. Tawakkul, kumtegemea Mungu, ni haki, na ngamia anafungwa kwanza. Lakini angalia vizuri utaona majanga ni mengi na vinavyokatika ni vile vile: maji safi, umeme, moto wa kupikia, dawa, mawasiliano, njia ya kutoka. Mafuriko yakija kisima kinaingia uchafu. Waya wa umeme ukiharibika pampu hazisukumi. Kipindupindu kikiingia shaka yote iko kwenye maji. Majanga matatu, na kinachokutoa kwenye yote matatu ni dumu la maji safi ulilolifunika vizuri ukaliweka pahala pa kivuli. Hujajiandaa mara tatu, umejiandaa mara moja.

Wenye umri wanakumbuka giza la 2009. Tarehe 10 Disemba mwaka ule umeme ulizimika Unguja nzima na haukurudi mpaka Machi 2010, karibu miezi mitatu, na kabla yake, Mei 2008, ulishawahi kuzimika karibu mwezi. Waya ulikuwa mmoja tu, unatoka Ras Kiromoni upande wa bara unaibukia Fumba, ni wa miaka ya 1980 huko na ulishachoka. Pemba wakati ule walikuwa na majenereta yao ya dizeli Wesha kwa hiyo giza lile halikuwagusa, waya wa kutoka Tanga wameupata 2010, na Unguja ikaja kuongezewa waya mwengine mkubwa zaidi 2013. Hali sasa ni bora sana kuliko zama zile. Lakini kitu cha kukumbuka pale sio taa, taa mtu anawasha kandili yake maisha yanaendelea. Kilichowaumiza watu ni maji. Maji yetu mengi yanavutwa kutoka chini ya ardhi kwa pampu na pampu inataka umeme, umeme ukienda haipiti muda bomba linatoa pumzi tu, halafu foleni ya madumu inaanza kwenye kila kisima chenye kamba, na anaeuza maji kwa gari ya ng'ombe anapandisha bei. Kilichokatika kilikuwa Fumba, aliekosa maji ya kumkosha mtoto alikuwa mama wa Magomeni ya mjini Unguja ambae pengine Fumba hajafika. Ukishaona vitu vilivofungana hivi unajua pa kuanzia.

Basi anza na maji, na hapa ntakaa kidogo kwa sababu ndio penyewe. Mtu mmoja kwa kunywa na kupika chakula chepesi anataka kama lita 3 kwa siku, kwa joto letu la kaskazi hesabu 4. Akitaka na kuoga, kufua na choo ndo watu wa misaada wanahesabu lita 15. Chukua nyumba ya watu 6 kwa siku tatu, 6 mara 4 mara 3, unapata lita 72. Hayo ni madumu manne ya lita 20 na yanabakia kidogo. Madumu manne tu. Nyumba nyingi zinayo tayari, tatizo yako matupu, au yamejaa lakini ndio yale ya kutumia kila siku na jioni yanakuwa nusu. Haya manne yawe mbali, ya akiba, yasiguswe. Dumu lililowahi kutiwa mafuta ya taa au dawa ya shamba usilitumie kabisa hata ulioshe vipi, lililokuwa la mafuta ya kula linafaa ukilisugua kwa maji moto na sabuni mpaka harufu yote iishe. Jaza, funga, andika tarehe kwa kalamu juu ya kipande cha plasta, kila baada ya mwezi au miwili yamwage kwenye kufulia na ujaze mapya. Maji ya choo na ya kuoshea ni habari nyengine, hayo hata ya mvua kutoka bati yanatosha, pipa moja chini ya mchirizi wakati wa masika linajaa kwa mvua moja. Na udhu usiumize kichwa, maji yakiwa ya kunywa tu sharia imeshatupa tayammam, udhu wa udongo.

Yakiisha ya akiba ukawa unachota pengine, chemsha mpaka yatokote kabisa kabisa, dakika moja ya kutokota inatosha, sio yale ya kupasha moto ukaona mvuke ukatoa. Kama ni machafu yachuje kwanza kwa kitambaa kizito kisafi, kanga iliyokunjwa mara kadhaa inafaa, halafu ndo uchemshe au utie vidonge vya klorini, fuata karatasi ya pakiti kwa kiasi na usubiri nusu saa kabla ya kunywa. Maji yenye tope yanakula klorini yote na vijidudu vinabaki, ndo mana kuchuja kunatangulia. Na ndugu zangu wa pwani ambao visima vyenu vinaingiwa na bahari, kuchemsha hakutoi chumvi. Yanazidi kuwa makali kwa sababu maji yanapaa na chumvi inabaki. Kwenu nyinyi akiba ya maji matamu ni lazima zaidi kuliko mtu wa katikati ya kisiwa.

Chakula sitakichukulia muda mrefu, kwa sababu mtu mzima mwenye afya anastahamili njaa siku kadhaa lakini kiu hapana, na majumba yetu hayakosi mchele. Cha kuangalia ni kwamba mchele unataka moto na maharage yanataka moto wa saa mbili na maji mengi. Kwa hiyo kwenye akiba weka na vya kula bila kupika, tende, biskuti, karanga, maziwa ya unga, samaki wa kopo na kifungulio chake. Kama unapikia gesi weka seredani na nusu gunia la mkaa pahala pakavu, na kama unapikia umeme ndo zaidi. Seredani isiingizwe chumbani mukalala nayo, hata mvua ikinyesha vipi, moshi wake una sumu isiyo na harufu na watu hawaamki.

Umeme na simu. Tukuza, ule umeme wetu wa kulipia kabla, usingoje zibaki yuniti mbili ndo ununue, kwa sababu siku mtandao wa simu ukianguka kununua kwa simu hakuna, na wenye maduka ya kuuzia wanakuwa hawana njia pia. Hivo hivo pesa. Siku hizi mtu ana laki mbili kwenye simu na mfukoni hana hata elfu, mnara ukizimika ni maskini huyo. Weka noti ndogo ndogo, elfu mbili, elfu tano, mana muuza maji wa siku ile hatokuwa na chenji. Pawabenki moja iliyojaa, simu ya kitochi ya zamani ambayo chaji yake inakaa siku nyingi, na redio ndogo na mawe yake, yaani betri. Redio watu wameisahau lakini intaneti ikienda ndiyo inayobaki, tangazo la serikali litasomwa ZBC, redio ya serikali ya Zanzibar, na wewe utakuwa unalisikia wakati mwenzako anangoja la kusambaziwa na mtu asiejua.

Dawa ndo pahala ambapo nyumba nyingi zimelala. Presha, sukari, pumu, kifafa, hawa ni watu ambao wiki moja bila dawa ni janga lao binafsi hata nje kukiwa shwari. Muombe daktari akuandikie zaidi kidogo ili wakati wote uwe na ya wiki mbili mbele, unatumia ya zamani kwanza unaweka mpya nyuma. Mtaani kwetu yuko bibi mmoja anajichoma insulini, na umeme ukikaa sana akili yake yote iko kwenye friji. Alichofanyiwa na mjukuu wake ni kitu cha wazee: chungu kikubwa, ndani yake chungu kidogo, katikati mchanga unaomwagiwa maji asubuhi na jioni, juu kitambaa kibichi, na kimewekwa ukumbini mlango wa nyuma ambako upepo unapita. Insulini imo ndani ya kikopo chenye mfuniko ili isirowe. Maji yakipaa kutoka kwenye udongo yanaondoka na joto. Sasa tuseme kweli, hewa yetu ina unyevu kwa hiyo haipoi kama friji, inashuka digrii chache tu, lakini chupa nyingi za insulini zilizokwisha kufunguliwa zinahimili karibu wiki nne nje ya friji madam joto halizidi nyuzi 25 mpaka 30 kutegemea na aina, na tofauti baina ya 33 ya chumbani na 28 ya ndani ya chungu ndio tofauti yenyewe. Za akiba ambazo hazijafunguliwa zitafutiwe friji yenye jenereta, hospitali au kwa mtu, na mtu huyo umzungumze leo sio usiku wa tabu. Na isiguse barafu, ikiganda imeharibika.

Sasa masika. Machi mpaka Mei kila mwaka tunajua inakuja na kila mwaka pale Mwanakwerekwe, Sebleni na mabonde mengine ya mjini watu wanapandisha magodoro juu ya meza. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa taarifa kwa rangi na watu wanazisambaza bila ya kujua zinasema nini. Njano ni angalizo, kaa macho, fuatilia. Rangi ya machungwa ni tahadhari, hapa jiandae, panga vyombo juu, watoto wasitumwe mbali. Nyekundu ni tahadhari kubwa, hapa unachukua hatua, kama nyumba yako iko bondeni unaondoka kabla maji hayajaingia, kwa sababu ukishafika wakati wa kuondoka ndani ya maji mambo yanakuwa mengine. Maji yanayokwenda kasi, hata kina chake kikiwa sentimita 15 tu, chini ya goti, yanaweza kumuangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaanza kuielesha gari ndogo, 60 zinachukua gari nyingi zikiwemo zile refu. Dereva wa daladala anaekwambia hapa napita kila siku, anapita kila siku kukiwa kukavu. Chini ya maji yale kuna mtaro ulio wazi na wewe huuoni. Kabla hujatoka nyumbani shusha swichi kubwa ya umeme, lakini kama maji yameshafikia soketi na wewe umesimama ndani ya maji usiiguse, toka tu uwapigie watu wa umeme. Mambo ya kuzibua mtaro mbele ya nyumba yafanywe Februari, na takataka zisitiwe mtaroni, hili nalisema kwa uchungu mana jirani wa chini ndie anaelipa.

Mvua ikishakatika ndo zamu ya maradhi. Vyoo vya shimo vimefurika, visima vimeingiliwa, na kipindupindu tunakijua, 2015 na 2016 kilitusumbua sana. Kinachoua ni kukaukiwa maji mwilini, na kinaweza kuua mtu mzima mwenye nguvu zake ndani ya masaa. Kwa hiyo jifunze hii mpaka uijue kwa moyo: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi, koroga, mgonjwa anywe kidogo kidogo bila kusita hata akitapika, huku anapelekwa hospitali. Chumvi ikizidi ni hatari, khasa kwa mtoto, ukionja ikawa na chumvi kuliko machozi imwage utengeneze nyengine. Pakiti za tayari za ORS ni rahisi na ni bora, weka kadhaa ndani.

Bahari. Hili zito kulisema kwa sababu hakuna familia ya Pemba ambayo haina mtu wake. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, imepakia kupita kiasi, watu wakaondoka kwa mamia. Haujatimia mwaka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu ya Chumbe ikitokea Dar, kwenye upepo mkali. Mungu awarehemu wote. Abiria hana uwezo wa kukagua injini, lakini yapo aliyonayo mkononi. La kwanza kuliko yote ni miguu yake: ukiona chombo kimejaa mpaka watu wanakaa kwenye ngazi na mizigo imeziba njia, shuka. Nauli itapatikana, arusi itasubiri. Na tikiti ikatwe kwa jina lako mwenyewe, na watoto waandikwe. Ile tabia ya kusafiria jina la mwengine au mtoto kutohesabiwa ndio iliyofanya baada ya ajali watu wasijue ni wangapi walikuwemo, mzazi anatafuta jina kwenye karatasi na jina halimo.

Ukishakaa, kabla hujatoa simu, inamisha mkono chini ya kiti uliguse jaketi la kuokolea, liko au haliko, la mtoto liko wapi, na kama hulioni muulize baharia, ni haki yako wala sio uoga. Angalia milango miwili ya kutokea, wa karibu na wa pili yake, hesabu ni viti vingapi mpaka mlangoni kwa sababu taa zikizimika utakwenda kwa kupapasa. Ikiwa chombo kinalala upande na watu wanapiga kelele, chukua jaketi mkononi, toka nje kwanza, livae ukiwa umefika mlangoni au juu. Ukilivaa ndani na maji yakajaa chumba litakupandisha darini na kukuzuia kupiga mbizi kutoka. Funga kamba zote, jaketi lisilofungwa linakutoka kichwani ukigusa maji. Baibui au kanzu ndefu inazonga miguu, ikusanye uifunge kiunoni mapema. Ukiwa majini usiogelee kufuata taa za mbali ukajichosha, bahari yetu ni ya joto na mtu anaweza kukaa muda mrefu akiwa ameshika kitu, wako waliotoka Spice Islander kwa kushika godoro. Shikaneni wengi pamoja, mtoto katikati, mutaonekana zaidi. Maji ya bahari usinywe hata kwa kiu gani. Na mkoba wako wa safari utie filimbi, bei yake ni ndogo sana na sauti ya mtu inakauka ndani ya saa moja ya kupiga ukelele.

Kuna wanaosema kimbunga sio chetu. Kweli ni nadra, kwa sababu tuko karibu na ikweta, Pemba nyuzi 5 na Unguja 6 kusini, na huku upepo haupati mzunguko wa kutosha kujisokota. Lakini nadra sio kamwe. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikavunja merikebu za Sultani Barghash bandarini na kung'oa mikarafuu kwa mashamba mazima, Pemba ikapona zaidi na ndo karafuu ikahamia huko. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitua upande wa Mafia na boti za baina ya Unguja na Dar zikasimama. Hata kisipotufikia, boti kusimama ni kukatika kwa njia, aliekuwa na miadi ya hospitali bara na aliekuwa anangoja dawa kutoka bara wameguswa. Ukisikia kiko njiani, funga bati lililolegea, kata makuti na matawi makavu yaliyoinamia nyumba, ngalawa ipandishwe juu, na wakati wenyewe kaa chumba cha ndani mbali na madirisha. Upepo ukitulia ghafla usitoke mbio, yaweza kuwa umefika katikati yake na upande wa pili unakuja.

Na tsunami. Tarehe 26 Disemba 2004 ile ya Sumatra ilifika mpaka huku kwetu Afrika Mashariki, Somalia walikufa mamia na upande wa Dar wakafa watu waliokuwa wanaogelea. Hapa elimu ya watu wetu wa pwani ni kubwa kuliko ya kitabu. Mama wa mwani wa Paje na mchokoa pweza wa Makoongwe wanajua saa ya kupwa na saa ya kujaa, wanajua bamvua na maji mafu bila kuangalia kokote. Basi kama maji yamekimbia ghafla na sio saa zake, samaki wamebaki wanaruka juu ya mchanga, hapo hakuna kuokota samaki. Ni kukimbia kwenda juu, au ghorofa madhubuti ya juu kabisa, na kuwapigia ukelele wengine. Hivo hivo ardhi ikitikisika kwa nguvu na muda mrefu uko ufukweni, usingoje ujumbe wa simu. Na wimbi likija likarudi usishuke, mara nyingi la pili au la tatu ndilo kubwa, na hali inaweza kuchukua masaa mengi.

Moto wa nyumba ndio unaotokea mara nyingi zaidi ya yote haya. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini sakafuni na kujikusanya, kwa hiyo ukisikia harufu usiwashe wala usizime taa, swichi inatoa cheche, funga mtungi, fungua milango, toeni watu nje. Mafuta yakiwaka kaangoni usimwagie maji, funika kwa mfuniko uzime jiko. Na nyumba za makuti au zilizobanana kama Ng'ambo na Mji Mkongwe, jueni njia ya pili ya kutoka, dirisha lenye nondo zisizofunguka sio njia.

Halafu kuna shanta, yaani mkoba. Shanta moja la kuning'inizwa nyuma ya mlango, sio kabatini chini ya nguo, la kuchukua ukiambiwa toka sasa hivi. Ndani vitambulisho vya Mzanzibari, vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, hati ya nyumba au ya shamba, vyote ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na picha zake umtumie ndugu alie mji mwengine. Dawa za siku kadhaa, tochi, ile filimbi, kanga mbili mana kanga ni shuka ni bandeji ni mbeleko, pedi, sabuni, miwani ya mzee, maziwa ya mtoto, chaja, zile noti ndogo. Na karatasi ya nambari za simu iliyoandikwa kwa mkono, ya sheha (kiongozi wa shehia yenu), ya kituo cha polisi na zimamoto wa karibu pamoja na 112, ya hospitali, ya jirani mwenye gari, ya jamaa wa upande wa pili wa bahari. Jaribu kukumbuka nambari ya mtu wako bila kufungua simu utaona kwa nini nasema iandikwe. Muchague na pahala pa kukutania kama mumepotezana, msikiti fulani, skuli fulani, mtoto wa miaka saba aweze kupataja.

Serikali ina Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa na iko kwa sheria ya 2015, KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, wako baharini, zimamoto wapo. Lakini nusu saa ya mwanzo, kabla hajafika yeyote kati yao, anaekutoa ni jirani. Kwa hiyo mjue sheha wako na yeye akujue, uliza kamati ya maafa ya shehia ina nani, na spika ya msikiti kama inaweza kutumika usiku kutoa tangazo. Pita mtaani ujue nani hawezi kutembea, nani haoni, nani anabaki peke yake mchana na watoto wadogo, na kwa kila mmoja kuwe na mtu mzima mmoja aliekubali kwa mdomo wake kuwa mimi ndie ntakaemfuata. Ukisema "tutamsaidia sote" siku ile kila mtu atadhani mwenzake ameshakwenda.

Anaeanza na mkono mfupi asitake vyote kwa pamoja. Wiki hii madumu manne, pengine hutoi hata senti. Wiki ijayo karatasi ya nambari na vyeti kwenye plastiki. Mwezi unaofuata dawa za akiba, pakiti za ORS na tochi, baadae redio, pawabenki ukipata nafasi. Madumu yasiwekwe juani wala karibu na mafuta ya taa, plastiki inavuta harufu, na watoto waambiwe kabisa kuwa yale hayachotwi hata bomba likikauka siku moja, mkubwa wa nyumba ndie anaeyafungua.